Elfu Tano Yangu

Usiku mmoja wa Januari 1997 Baba alituita sote sita, akatupanga kwa vimo mbele ya taa ya chemli, akaomba kalamu. Mchana ule, kwenye redio ya kinyozi, alikuwa amesikia jambo ambalo Busia yetu yote, upande huu wa Uganda, ilikuwa ikilizungumza: shule za msingi za serikali zimekuwa bure. Ila bure yenyewe ilikuwa na kipimo. Kila familia ingelipiwa watoto wanne, na kama wasichana wapo, wawili kati yao wawe wasichana. Mwenye ulemavu atangulizwe. Sisi tulikuwa sita, wote wazima.

Baba alikuwa mtu wa baiskeli, si mtu wa kalamu. Alivusha abiria kati ya vituo viwili vya forodha, kazi ile ile iliyozaa neno boda boda huku mpakani kabla halijaenea kwingine. Usiku ule aliandika majina matano, akayahesabu kwa kidole, akayahesabu tena. Kitinda mimba wetu hakuandikwa tangu mwanzo; angesubiri. Bado jina moja lilikuwa limezidi. Dada yetu mkubwa alikuwa na miaka 13 na yuko darasa la tano tu, kwa kuwa kila karo ilipokosekana yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Alipomwona Baba amekwama akasema, "Baba, niache mimi. Mimi kusoma nishajua." Baba hakuinua macho. Akakata jina lake kwa mstari mmoja, taratibu, kama anayeogopa karatasi itachanika.

Mimi nilikuwa wa pili kwenye orodha, na nikabaki.

Mwaka uliofuata kitinda mimba aliandikishwa bila mtu kuuliza yeye ni wa ngapi, maana kile kikomo cha wanne kilikuwa kimeanza kulegea, na baadaye kikaondolewa kabisa. Lakini Dada alikuwa tayari anauza nyanya na Mama sokoni. Hakurudi shuleni tena. Ninaandika makala haya kwa sababu yake, na kwa sababu ya binti yake, ambaye leo yuko darasa la sita katika shule ya serikali na ambaye muhula wa pili wa mwaka jana alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi.

Nitafika huko. Kwanza niseme jinsi tulivyofurika. Mwaka 1996 shule za msingi za Uganda zilikuwa na watoto kama milioni 3.1. Mwaka 1997 wakawa milioni 5.3. Wengine wanazisoma takwimu hizo vitabuni. Mimi nilizikalia, chini, juu ya mizizi ya mwembe, darasa la tatu, tukiwa zaidi ya mia na ishirini. Ubao uliegemezwa kwenye shina. Mvua ikinyesha tulikimbilia varanda ya darasa la saba, na somo likaishia hapo. Chaki ilipokwisha mwalimu wetu aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na muhogo ule uliandika vizuri, ila wakati wa mapumziko kulikuwa na watoto waliokuwa wakiukodolea macho pale ulipowekwa. Kuna waliokuja shule bila kula. Mwalimu alijua. Siku moja alimkatia mtoto mmoja nusu ya chaki yake ile ya muhogo, akaendelea kufundisha na nusu iliyobaki.

Kiswahili chetu kina neno moja tu kwa mambo mawili. Kitu cha bure ni kisicholipiwa, na kazi ya bure ni ile iliyopotea, isiyo na faida. Wazee wa mtaani kwetu walilitamka neno hilo kwa sauti mbili tofauti mwaka ule. Wengine walisema "shule ya bure" wakishukuru. Wengine walisema hivyo hivyo wakisikitika, na hao walianza mapema kuwatafutia watoto wao shule ya kulipia.

Baba alikuwa wa kundi la kwanza. Ndiyo maana alipochaguliwa kuingia kamati ya shule, mtu ambaye kuandika majina matano kulimtoa jasho, aliipokea kazi ile kama heshima kubwa.

Hapo lazima niseme jambo ambalo Baba hakulijua wakati ule, nami nimekuja kulisoma ukubwani. Kabla ya elimu ya bure, serikali ilikuwa tayari ikizitengea shule za msingi ruzuku ya vifaa na uendeshaji, mbali na mishahara. Wachumi wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walizifuata pesa hizo katika shule 250 kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Walikuta kwamba kwa wastani shule zilifikiwa na asilimia 13 tu ya ruzuku yao. Shule nyingi hazikupata hata senti. Pesa ilitoka Kampala, ikafika wilayani, ikaishia humo. Wazazi hawakulalamika kwa sababu hawakujua kuna kitu cha kulalamikia. Wao walikuwa wakilipa karo, wakiamini shule inaendeshwa kwa karo hiyo peke yake.

Habari hizo zilipofika serikalini, hatua iliyochukuliwa ilikuwa nyepesi. Kiasi kilichopelekwa kila wilaya kilianza kuchapishwa magazetini, na shule zikaagizwa kubandika hadharani zimepokea kiasi gani. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika shuleni. Shule zilizokuwa karibu na wauza magazeti ndizo zilizonufaika zaidi. Nimelifikiria sana hilo la magazeti. Sheria ilikuwa ile ile kwa wote, lakini pesa ilifika vizuri zaidi pale ambapo mzazi aliweza kujua.

Kwetu tangazo lilikuwa karatasi ya manila, imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu kwa gundi ya unga. Nilisimama na Baba mbele yake mwaka 1998. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka barabarani, klipu ya baiskeli bado iko kwenye suruali. Akatoa kile kidaftari chake cha kuandikia mapato ya siku, akafungua ukurasa mpya, akanakili tarakimu moja moja, akiinua shingo na kuinamisha kama kuku anayekunywa maji. Kisha akaniuliza niko darasa la ngapi, ingawa alijua. Serikali ilikuwa ikitoa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, na 8,100 kwa wa darasa la nne hadi la saba. Nilikuwa nimeingia la nne mwaka ule.

"Mwaka jana ulikuwa na elfu tano yako hapa," akaniambia. "Mwaka huu una elfu nane na mia moja. Mwalimu akishika chaki, ujue chaki ile iko na yako ndani."

Sijui kama wachumi wana njia ya kupima kilichonitokea pale. Nilirudi darasani nikamwambia jirani yangu kwamba yeye pia ana elfu nane. Hakuniamini. Tukahesabu darasa zima. Baada ya hapo, mwalimu alipochelewa kuja, tulikuwa tukisema elfu nane zetu zimechelewa.

Baba alikwenda kwenye kila kikao cha kamati na kidaftari kile. Hakuwa na maneno mengi. Aliuliza tu: iliyobandikwa ni hii, iliyonunua ni ipi? Haikumpendeza kila mtu. Lakini madaftari ya maandalizi ya walimu yalinunuliwa, mipira miwili ikanunuliwa, na miaka ya mwisho ya tisini yakajengwa madarasa manne ya matofali yenye mabati. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupata nafuu ya madeni kupitia mpango wa kimataifa wa nchi masikini zenye madeni makubwa, mwaka 1998, na sehemu ya pesa iliyookolewa ikaelekezwa kwenye shule za msingi. Darasa letu likatoka chini ya mwembe. Ninaposikia mtu akisema serikali haikufanya kitu, ninakumbuka harufu ya saruji mbichi ya darasa lile, na jinsi tulivyokatazwa kuegemea ukuta.

Ila hali haikuendelea kupanda. Watoto zaidi ya milioni 2 waliandikishwa darasa la kwanza mwaka 1997. Kundi hilo lilipopaswa kufika darasa la saba, mwaka 2003, walioonekana hawakuzidi 486,000. Chini ya mmoja kati ya wanne. Wengine walikuwa bado wanarudia madarasa, lakini wengi walikuwa wameshaacha. Wale niliowaambia wana elfu nane zao, nikiwahesabu leo, wengi wao hawakumaliza. Mmoja anaponda mawe ya dhahabu huko Tiira. Wawili wako Majanji, kwenye mitumbwi.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu.

Dada ana kibanda cha dagaa karibu na stendi. Saa nne asubuhi akamwona bintiye anakuja na sare yake, madaftari yamo kwenye kavera, mfuko wa plastiki, analia bila sauti. Shule ilikuwa imewarudisha watoto ambao wazazi wao hawajamaliza mchango wa chakula cha mchana, shilingi 30,000 kwa muhula. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 inakataza kumtoza mtoto pesa ya masomo katika shule hizi, lakini inampa mzazi jukumu la kumlisha mwanawe, na katika mwanya huo ndimo michango yote hupita. Dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, wewe ndiye mtu wa makaratasi. Kuna mkutano Ijumaa. Njoo unisaidie kuuliza."

Mimi ni wakala wa forodha. Kutwa ninahesabu kodi za mizigo ya watu na kubishana Kiswahili na madereva wa malori kutoka Mombasa. Nikaenda.

Mikutano ya wazazi Busia inaendeshwa kwa Kiswahili, maana kuna Wasamia, Wagwe, Waiteso na Wajopadhola, na hakuna anayetaka lugha ya mwenzake itawale. (Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Tulifurahi sana. Shule ya mpwa wangu bado haina mwalimu wake.) Wazazi walizungumza kwa hasira, na hasira yote ilimwelekea mwalimu mkuu. Amekula pesa za serikali, wakasema. Serikali imesema bure, yeye anataka za nini? Mwanamama mmoja alisimama akasema anauza kuni, na kuni hazijampa elfu thelathini tangu muhula uanze.

Nikanyanyuka nikauliza swali la Baba. Karatasi ya manila iko wapi?

Mwalimu mkuu alinitazama kwa muda. Akasema, "Imebandikwa, mzee wangu. Hakuna anayekuja kuisoma." Ilikuwa kweli. Ilikuwa kwenye mlango, si ya zamani, imeandikwa kwa mkono mzuri. Tulikuwa tumeipita sote wakati tunaingia. Akaingia ofisini akatoka na faili, akaliweka mezani mbele ya wazazi wote, akasema, "Nimechoka kuitwa mwizi wa pesa ambazo hazipo."

Tulihesabu pamoja, kwa sauti, Dada akiandika. Ruzuku, kapitesheni kama tunavyoiita, ni shilingi 20,000 kwa mtoto kwa mwaka. Mihula mitatu, hiyo ni kama 6,670 kwa muhula. Siku za masomo hazipungui 180, kwa hiyo ni karibu shilingi 110 kwa siku. Andazi la langoni ni 200. Kwa pesa hiyo ya nusu andazi shule inatakiwa inunue chaki, ichapishe mitihani, ilipe mlinzi, ikarabati madawati, ipeleke watoto michezoni. Mwaka ule choo cha wasichana kilikuwa kimejaa, na kumlipa mtu wa kukinyonya kulimeza sehemu kubwa ya pesa ya muhula mzima. Faili lilikuwa na risiti. Hakuna kilichopotea. Kilichokuja ndicho hicho.

Ukumbi ulinyamaza. Nafikiri ingekuwa rahisi zaidi kwetu kama tungemkuta mwizi.

Sisi wa mpakani tuna ugonjwa wa kulinganisha, nami nilifanya hivyo palepale. Ng'ambo ya barabara, Kenya, shule ya msingi imekuwa ikitengewa shilingi 1,420 za kwao kwa mtoto kwa mwaka, na kwa bei ya wabadilisha fedha wetu hiyo ni karibu 40,000 zetu. Nako walimu wakuu wanalia kwamba haitoshi na inachelewa. Lakini ni maradufu ya kwetu, na umbali kati ya shule hizi mbili mtoto anautembea kabla kengele haijalia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 elimu ilikuwa ikipewa kama moja ya tano ya bajeti ya Uganda. Miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka asilimia 10. Kwenye mkutano wa elimu duniani huko Incheon, Korea Kusini, mwaka 2015, nchi nyingi zilihimizana kwamba angalau asilimia 15 ya matumizi ya serikali iende kwenye elimu. Ukiipunguza pesa hiyo huku watoto wanazidi kuongezeka, upungufu unatokea kwenye madaftari, kwenye choo, na kwenye uso wa mwalimu. Mwalimu wa shule ya msingi analipwa kama nusu milioni kwa mwezi. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wa sekondari wenye digrii hadi milioni 4. Walimu wengine wakagoma, wakarudi kazini bila kupata kitu. Mwalimu wa mpwa wangu anaendesha boda jioni. Amewahi kunibeba. Alinitambua, akaona haya, nami nikaona haya zaidi yake.

Na shule zilipofungwa kwa korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, wenye pesa walitafuta walimu wa kuja nyumbani. Mpwa wangu alikaa kibandani na dagaa. Alipita madarasa mawili ambayo hakuyasoma.

Nimelieleza faili la mwalimu mkuu. Sasa nieleze la kwangu. Mwanangu hasomi shule ile. Anasoma shule ya kulipia, darasa la tano, na muhula mmoja ninamlipia shilingi 450,000. Kapitesheni ya mpwa wangu kwa kiwango cha sasa, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, yote kwa pamoja, ni 140,000. Hawa ni watoto wa tumbo moja la bibi. Dada aliyekatwa kwenye orodha ili mimi nibaki ndiye ambaye bintiye yuko kwenye shilingi 110 kwa siku.

Sikumpeleka mwanangu huko kwa majivuno. Nilimpeleka kwa hofu, kama wafanyavyo karibu wote ninaofanya nao kazi: makarani, maofisa, wauguzi, na walimu wa shule za serikali wenyewe. Lakini nikiwa nimesimama mbele ya mlango ule nililiona jambo ambalo nimeshindwa kuacha kulifikiria. Zamani Baba, mwendesha baiskeli, aliinakili karatasi ile kila muhula, na pesa ikafika. Leo karatasi ipo, na wanaojua kuisoma haraka, wanaoweza kumpigia simu diwani, wanaomjua mbunge kwa jina, tumeondoa watoto wetu. Bajeti ikipungua hatuoni, maana sisi haitugusi. Wanaoigusa kila siku wanadhani mwalimu mkuu ameiba, wanagombana naye, na ugomvi unaishia pale pale uwanjani, haufiki Kampala hata siku moja.

Sijamhamisha mwanangu. Nisingekuwa mkweli nikisema nimefanya hivyo. Nilichofanya ni kuomba nafasi kwenye kamati ya shule ya mpwa wangu, nami nimepewa. Tumeandika barua kwa wilaya na kwa mbunge, na hesabu ile ya shilingi 110 imo kwenye mstari wa kwanza, sahihi za wazazi 212 zimo nyuma, wengine kwa dole gumba. Mwalimu mkuu alitia sahihi pia. Mchango wa chakula tumeugawa: asiye na pesa analeta mahindi, na hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani. Posho, yaani ugali, na maharage vinapikwa.

Muhula huu manila mpya ilipobandikwa nilikwenda na Dada. Alisimama pale nilipokuwa nimesimama na Baba, akasoma tarakimu polepole, kwa kusoma kule alikosema usiku ule kwamba anakujua. Kengele ya mapumziko ikalia, mpwa wangu akaja mbio, akajipenyeza katikati yetu.

"Mjomba, hapo yangu ni ngapi?"

"Elfu ishirini."

"Kwa muhula?"

"Kwa mwaka."

Akafungua daftari lake la hesabu ukurasa wa nyuma, akaandika 20,000, akachora alama ya kugawanya, akaniuliza mwaka una siku ngapi za shule.